Vidole vya Fundi

Duka la fotokopi lililo mkabala na kituo cha mabasi lilikuwa limefurika mchana ule. Watu wa vyeti, watu wa hati za viwanja, watu wa picha za pasipoti, wote walikuwa wakisukumana, na mpiga picha, jasho likimtiririka, akachanganya bahasha mbili. Mkunga mmoja mwenye gauni la bluu na raba nyeupe za kazini akafika nyumbani, akafungua yake, akakuta sura nne za mwanamume asiyemjua.

Namba za simu zilikuwa zimeandikwa nyuma ya bahasha. Jioni ile ile simu yake ikaita.

"Dada, samahani. Picha zako ninazo mimi. Nimeziweka mezani, zinanitazama mpaka nashindwa kula."

"Na zako ziko hapa. Mbona umenuna hivi, kama mtu aliyekanyagwa mguu?"

"Waliniambia nisicheke."

"Kila mtu huambiwa hivyo. Wewe peke yako ndiye uliyetii."

Hivyo ndivyo Mkunga na Fundi walivyoanza. Mwanamke alikuwa amezalisha kwa miaka kumi na minane, katika wodi ya vitanda kumi ambako akina mama walilala wawili wawili, na mgongo ulikuwa umeanza kumlalamikia. Fundi alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mrefu, mpole, mwenye mashati yaliyojaa vitundu vya cheche. Haukupita mwaka wakahamia pamoja, chumba na sebule, ghorofa ya tatu.

Mkunga alikuwa anaomba viza ya ujuzi, aende kufanya kazi ng'ambo. Nchi aliyoichagua ilikuwa na uhaba wa wakunga, ila haikupokea ombi la mtu aliyekwisha kutimiza miaka arobaini na mitano, na kwake ilikuwa imebaki miezi saba. Jumapili moja mchana alikaa na fomu mezani, akamwandika Fundi kama mwenza wake.

"Sikiliza hili," akasoma. "'Wewe au mwenza wako mmewahi kunyimwa viza, au kuondolewa katika nchi yoyote?' Mimi niliwahi kunyimwa, mwaka ule nilipotaka kwenda kusoma. Naandika ndiyo, na ninaeleza. Wewe je, mpenzi?"

Fundi alikuwa akimenya chungwa. "Mimi? Nimeenda wapi mimi?"

"Kwa hiyo hapana?"

"Hapana."

Alijua anachofanya, tusimtetee. Miaka kumi na moja kabla ya siku ile alikamatwa juu ya jengo katika nchi hiyo hiyo, viza yake ikiwa imekwisha muda miaka minne nyuma, akarudishwa kwao na pingu mikononi, ovaroli bado mwilini. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekuja likizo, na likizo ile haikuisha. Aibu ilimkaa Fundi rohoni. Tena alikuwa na imani yake: moto ulikuwa umelainisha ncha za vidole vyake kama sabuni. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilivikataa mpaka mhudumu akachoka. Aliamini, masikini, kwamba hakuna atakayemtambua tena.

Siku ya kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza, mashine ilivikataa mara mbili. Mhudumu akampa kitambaa chenye unyevu. "Futa, kaka. Bonyeza tena, taratibu." Taa ya kijani ikawaka. Mkunga akamfinya mkono, akidhani mwenzake anaogopa mashine.

Wiki ya tano akampigia simu kutoka kazini.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi, mpenzi. Nachomelea grili."

"Shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza, nisije nikakuua."

Akashuka.

"Watu wa viza wameniandikia. Vidole vyako ni vya mtu waliyemrudisha miaka kumi na moja iliyopita. Tarehe wanayo. Picha wanayo. Ni wewe, umevaa ovaroli."

Fundi akakaa kwenye kipandio cha chini.

"Fundi!"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Tukishapanda ndege?"

Wakala wa viza, mama mwenye miwani na sauti kavu, hakuwazungusha. "Kurudishwa kungesameheka. Ni zamani, mngeeleza tu. Kosa ni hiyo hapana. Kwa uongo wanawafungia wote wawili miaka mitatu." Kwa Mkunga, miaka mitatu ilikuwa ndiyo basi. "Una siku ishirini na nane za kujibu, binti yangu. Ukithibitisha kwamba ulidanganywa na kwamba hamko pamoja tena, naweza kukutetea. Mkiwa pamoja, siwezi."

Wiki tatu Fundi alilala kwenye kochi. Jumamosi, jua bado kali dirishani, aliweka karatasi mbele ya Mkunga. Alikuwa ameandika yote kwa mkono wake, mpaka pingu. Mwisho aliandika: *Nilimdanganya yeye kama nilivyowadanganya ninyi.*

"Sasa na wewe andika tumeachana," akasema. "Nitahamia kwa kaka. Ukishafika huko ukatulia, tutajua la kufanya. Ni karatasi tu, mpenzi."

"Hata ile hapana ilikuwa karatasi tu."

"Mimi nataka uende."

"Na mimi nataka kwenda. Nakupenda, na nataka kwenda, na sitatia sahihi uongo mwingine. Nikiandika tumeachana, tumeachana. Hakuna simu. Hakuna tutajua."

"Na ukiandika tuko pamoja?"

"Nitabaki wodini mpaka mgongo ukatike, na kila asubuhi nikikuona nitakumbuka. Nitakuchukia, Fundi. Sitaki kukuchukia."

Fundi alilia bila kujificha. Mkunga naye machozi yalimtoka, lakini hakuweka kalamu chini.

"Wanauliza tarehe tuliyoachana," akasema.

"Andika ya leo."

"Siwezi. Bado uko hapa."

Fundi akainuka. Akatia mashati yake kwenye begi, akachukua kofia yake ya kuchomelea. Mlangoni akanyoosha mkono, Mkunga akatikisa kichwa: angeguswa tu, angeichana ile karatasi, na wote wawili walilijua hilo. Mkono ukarudi. Fundi akashuka ngazi.

Mkunga akasubiri mpaka aliposikia geti la chini likifungwa. Ndipo akaandika tarehe.