Mbuzi wa Nzilani Hawana Makosa

Kila asubuhi Kasyoka alipofagia nje ya banda la mumewe la kuyeyushia aluminiamu pale Malili, alipigwa na harufu kali ya mkojo. Ilitoka kwenye rundo la takataka zilizobaki baada ya kuyeyusha.

"Nzilani!" alimwita jirani yake ng'ambo ya ua. "Mbuzi wako wamekojolea tena rundo letu!"

"Mbuzi wangu wamefungwa," Nzilani alijibu. "Wewe nawe! Tuambie kwanza sufuria yetu iko wapi."

Kasyoka aliinamia ufagio wake. Yeye ndiye aliyewashawishi akina mama wa kanisa walete sufuria zao zilizotoboka. Mumewe, Mutiso, angeziyeyusha na kuwatengenezea moja kubwa ya kupikia sherehe ya mavuno. Lakini aluminiamu haikujaza kalibu, lile umbo la kumiminia. Sufuria ilitoka bila ukingo upande mmoja. Sasa watu walinong'ona kwamba Kasyoka ameuza baadhi ya sufuria zao. Aibu gani hii! Hata kanisani alikaa nyuma kabisa.

Siku hiyo Mwalimu Muthama alipita kuwasalimu. Alifundisha ufundi wa chuma katika politekniki ya kijiji. Aliposikia Kasyoka akilalamikia mbuzi wa jirani, alinusa, akachutama karibu na rundo.

"Mutiso, hili povu la juu ya aluminiamu iliyoyeyuka, ukishalitoa kwenye chungu cha moto unalifanyia nini?"

"Namwagia maji, Mwalimu, kuku wasiungue miguu. Halafu natupa. Si ni jivu tu?"

"Jivu? Wacha bwana! Unatupa sufuria za watu!" Alipasua bonge kwa nyundo. Ndani, chembe zilimetameta. "Aluminiamu imejificha humu. Maji yanaila polepole, na povu likilowa ndilo linatoa hii harufu. Msiwaonee mbuzi wa wenyewe."

Kasyoka alishika mdomo. "Woi! Sasa tufanye nini, Mwalimu?"

"Kuanzia leo, maji hapana. Povu likiwa bado moto, ligandamizeni kwa koleo, aluminiamu itashuka chini. Hili la zamani lianikeni juani likauke kabisa. Lipondeni, mlichekeche, vumbi litoke, chembe zibaki. Fungeni pua kwa kitambaa, na watoto wakae mbali. Na tafadhali, chembe zenye unyevu zikiingia kwenye chungu cha moto, zinalipuka! Zipasheni kwanza kando ya moto."

Kasyoka alifunga leso usoni. Aliponda, akachekecha mpaka mabega yakamuuma. Mutiso alizipasha chembe, akaziyeyusha pamoja na ile sufuria mbovu. Alipomimina, Kasyoka alichungulia kwa mbali. Kalibu ilijaa mpaka juu.

"Asante Yesu!" alipiga kelele, machozi yakimtoka.

Siku ya mavuno, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ulichemka katika sufuria mpya. Nzilani alizunguka ukingo wake wote kwa macho, kisha akamshika Kasyoka mkono.

"Nilikuita mwizi moyoni mwangu. Nisamehe."

"Na mimi nimewatukana mbuzi wako tangu mvua zianze. Nisamehe pia."

"Mimi nimesamehe. Hao wengine kawaombe mwenyewe!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Jioni Kasyoka alikusanya makapi yote ya muthokoi, akavuka ua, akawamwagia mbuzi wa Nzilani.