Saa Tisa ya Katibu

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufagia sebule, Katibu alipangusa kompyuta ya mama yake kwa kitambaa kikavu. Alianza na kifuniko, kisha kioo, kisha herufi moja moja. Katibu halikuwa jina lake hasa. Mama alipoanza kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi kwa njia ya mtandao, mwanawe ndiye aliyeandika ratiba kwenye kalenda ya ukutani, na jina hilo likamganda.

Siku hiyo alikuwa amefika kwenye herufi M kompyuta ilipoanza kuita. Akabonyeza kitufe cha kijani, kama alivyozoea. Zikatokea nyuso tatu.

"Habari za asubuhi," alisema mama mmoja mwenye miwani. "Mimi ni mwenyekiti wa jopo. Tunamsubiri mhandisi aje atetee tasnifu yake."

"Shikamoo. Kwani si saa tisa mchana?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Ni sasa hivi, saa tatu asubuhi."

Katibu aligeukia kalenda. Mwandiko ulikuwa wake, kwa wino mwekundu: KUTETEA, SAA TISA. Hapo akakumbuka. Wiki iliyopita ujumbe ulipoingia, mama alikuwa uani akifungua pampu mbovu, mikono imejaa grisi. "Nisomee, Katibu wangu," alisema. Kompyuta ilionyesha 9:00, naye akaandika saa tisa. Alisahau kwamba kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na sisi huhesabu kuanzia alfajiri. Tisa yake ni tatu yetu.

Kwa miaka mitatu mama alikuwa akirudi kutoka kwenye mtambo wa maji, buti bado zina tope, na kukaa kwenye meza ile kusoma. Babu akipita humuuliza neno moja tu, "Umekula?" kisha huenda zake. Na kanuni ya chuo ilikuwa wazi: asiyetetea siku yake husubiri mwaka mwingine mzima.

"Au ni mtandao uliowasumbua?" mwenyekiti aliuliza.

Neno "ndiyo" lilimfika Katibu kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa neno dogo, na nani angejua? Mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

"Hapana. Mtandao ni mzima. Nimekosea mimi, niliandika saa tisa badala ya saa tatu. Mama yuko kazini, hajui lolote."

Wale watatu wakatazamana.

"Wiki hii tumeambiwa mtandao mara nne," alisema mwenyekiti. "Mmoja tulimsikia kabisa akipiga mswaki. Wewe ndiye wa kwanza kutuambia ukweli. Tunampa mama yako nusu saa."

Babu, fundi bomba mstaafu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Kimbia, Katibu," alisema. "Wageni niachie mimi."

Katibu alikimbia, kandambili mkononi. Kwenye mtambo pampu zilinguruma hata ikambidi aseme mara tatu. Mama aliweka spana chini.

"Tisa ya kompyuta?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Twende. Kulaumiana tutapanga siku yake."

Walipofika, babu alikuwa amekisogelea kioo mno. "Mzee, tunaona paji la uso tu," mhadhiri mmoja wa jopo alikuwa akisema.

"Linatosha," babu alijibu. "Akili inakaa humo humo."

Mama aliketi, buti miguuni, nywele zimetimka. Mwanzoni sauti ilimtetemeka. Alipofika kwenye michoro yake, ikanyooka. Alieleza jinsi vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye bomba vinavyosikiliza mlio wa maji yanayovuja chini ya ardhi, ili mafundi wasichimbe ovyo. Wakamuuliza hili, akajibu. Wakambana na lile, akajibu.

"Na wazo hili ulilipata wapi?" mwenyekiti aliuliza mwishoni.

"Kwa baba yangu. Alikuwa akiegemeza nondo kwenye bomba, akitega sikio upande wa pili, kisha akisema, 'Chimbeni hapa.' Hakukosea hata siku moja. Nilitaka kujua kwa nini hakosei."

Babu alitazama ndani ya kikombe, ingawa kilikuwa kitupu.

Jopo lilitoka kujadiliana kwa dakika kumi, ambazo Katibu alizihesabu kwa vidole. Liliporudi, mwenyekiti alikuwa anatabasamu. "Hongera, mhandisi. Umefaulu kwa daraja la kwanza. Na umsalimie katibu wako."

Katibu aliruka hadi kiti kikaanguka. Kisha akaona kalenda, akainamisha kichwa. Mama akamvuta karibu.

"Wewe ulikosea kuandika, mimi nikakosea kutosoma mwenyewe," alisema. "Lakini sikiliza. Bomba linalovuja chini kwa chini halizibiki mpaka lijulikane limetoboka wapi. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Wewe ulilionyesha lilipo, ndiyo maana tumeliziba. Ungelificha, leo tungekuwa tunalia."

Babu akakohoa kidogo. "Umekula?" akamuuliza mama.

"Bado, Baba."

Babu aliweka kikombe mezani. "Sikutaka kusema hilo," alisema taratibu. "Miaka mitatu yote sikutaka kusema hilo. Nilitaka kusema kwamba naona fahari kuitwa baba yako."