Mchezo kwenye Kompyuta ya Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi Hanifa alifagia ua wa shangazi yake Hasina pale Mvindeni, Ukunda, akaosha vyombo, kisha akafungua daftari la hesabu. Mama yake alifanya kazi hotelini Diani, kwa hiyo Hanifa alishinda kwa shangazi wikendi na kila siku baada ya shule. Shangazi Hasina alikuwa mpiga video za harusi, na alipiga za upande wa wanawake tu.

Kazi hiyo ina masharti yake. Siku ya kupamba, bi harusi huketi mbele ya wanawake wenzake, nywele wazi, na wageni nao huvua mabuibui wakacheza. Simu hukusanywa mlangoni. Video hupigwa na mwanamke, hutengenezwa na mwanamke, kisha mwenyewe hukabidhiwa mkononi. Shangazi hakuweka kitu chochote mtandaoni. Kazi zote zilikaa ndani ya kompyuta yake, bila nakala kwingine, na nywila waliijua wawili: yeye na Sidi, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyefanya kazi naye. Wa tatu alikuwa Hanifa, aliyeichungulia begani mwa Sidi akajifanya hajui.

Jumamosi moja Shangazi na Sidi walikwenda kupiga video ya harusi Lunga Lunga. Hanifa hakungoja hata vumbi la bodaboda litulie. Alitoa flashi aliyopewa na rafiki yake Mwelu.

"Ni mchezo wa kitambo, lakini wameutengeneza upya," Mwelu alikuwa amemwambia shuleni. "Hautishi na mazimwi, unakuingia kwa kichwa. Weka kwa mashini ya anti yako, itabeba tu."

Kompyuta ilikuwa ya wastani, si duni wala si ya kifahari, nayo ilikataa. Mchezo ulitaka gigabaiti hamsini, na nafasi iliyobaki ilikuwa kumi na tisa. Mtoto mwenye akili angekomea hapo akarudi kwenye hesabu zake. Hanifa alipekua mafaili mpaka akaona folda kubwa ya harusi ya Mwanatumu wa Msambweni.

"Harusi yenyewe imepita wiki tatu," alijiambia. "Bila shaka wamekwisha kupewa video yao." Akaifuta, kisha akaiondoa hata kwenye pipa la taka la kompyuta.

Hata hivyo mchezo ulikwenda kwa kukwamakwama. Feni ilivuma, picha zikaganda. Alizima vivuli, akapunguza ubora wa picha, ndipo ukaanza kutembea. Ndani ya mchezo alikuwa mwanamke anayemtafuta dada yake katika nyumba yenye vyumba vingi, na kila mlango alioufungua ulimrudisha katika chumba kile kile, kikiwa kimebadilika kidogo tu. Mchana kweupe, jua likiwaka uani, Hanifa alipandisha miguu juu ya kiti asije akashikwa. Alifurahia kila dakika. Alasiri aliuondoa mchezo wote, akafungua daftari, akakaa kama malaika.

Jumatatu alikuja Mwanatumu mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Hasina. Nimefuata video yangu," alisema. "Nina hamu ya kumtazama nyanya."

Nyanya yake, Bi Mwanarusi, alikuwa ametangulia mbele ya haki siku nane baada ya harusi. Maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Siku ya kupamba tu ndipo alipokubali, kwa kuwa aliahidiwa hataonwa na mwanamume.

Shangazi alitafuta folda mpaka jasho likamtoka. Haikuwapo.

"Imekwenda wapi?" Mwanatumu aliuliza. "Nywele zangu zimo mle. Mama zangu wamo mle. Nani ameichukua?"

"Wallahi sijui, mwanangu."

Shangazi angeweza kuipeleka kompyuta kwa fundi aitafute, lakini mafundi wote aliowajua walikuwa wanaume. Amfungulie mwanamume picha zile zile alizoapa kuzisitiri?

Kufikia Jumatano kila duka la Mvindeni lilijua kwamba video ya kupamba imeuzwa. Mwenye nywila, ukimtoa Shangazi, alikuwa Sidi peke yake, basi wakamshuku yeye. Alilia, akaapa, wala haikumfaa kitu, kwani Shangazi alimwachisha kazi. Hanifa alikuwa jikoni akikuna nazi, akasikia kila neno. Aliona haya, akaogopa pia, na woga ukashinda. Akaendelea kukuna.

Ijumaa Sidi alikuja kuchukua viatu vyake. Hakuna aliyempa kiti. Alipomwona Hanifa alimsalimu vilevile kama siku zote: "Hujambo, mdogo wangu? Mtihani wa hesabu uliendaje?"

Hanifa alishindwa kuvumilia. "Si Sidi, Shangazi," alisema huku akilia. "Ni mimi. Niliifuta video nipate nafasi ya mchezo. Haikuuzwa. Haiko popote."

Shangazi aliketi sakafuni. Kisha alivaa buibui, akamsihi Sidi waandamane, wakaenda Msambweni wote watatu. Hanifa akayarudia maneno yale mbele ya Mwanatumu na mama zake.

"Alhamdulillahi, haikutoka nje," akasema mama mmoja, na wengine wakashusha pumzi.

Mwanatumu hakushusha. "Hiyo ndiyo iliyokuwa picha pekee ya nyanya," alimwambia Hanifa. Hakumgombeza. Alijifunika uso kwa mtandio akaingia chumbani.

Nje ya nyumba Shangazi alimgeukia Sidi. "Nimekudhulumu. Nisamehe, na urudi kazini, nakuomba."

"Nimekusamehe, Bi Hasina. Kazini sirudi," Sidi alijibu. "Siku mbili hizi nikipita sokoni, wanawake wanajifunika kama waliomwona mwanamume. Wengi wao hawatasikia kwamba si mimi."

Hanifa alimshika mkono. "Nisamehe, dada Sidi."

Sidi aliinama wakatazamana. "Kucheza bila ruhusa na kufuta kitu usichokijua ni makosa ya mtoto," alisema. "Mtoto hukosea, akasema, akafundishwa. Lakini ulinisikia nikilia, nawe unajua, ukanyamaza. Kosa hilo ni kubwa kuliko la kwanza. Siku nyingine ukikosea, sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Kisha akautoa mkono wake taratibu, akavuka barabara peke yake.