Siku ya Saba, Gari Liko Sevisi

"Huendi," Rubani alisema. "Mpenzi, nisikilize. Barabara ya milimani ina mashimo ya kumeza ng'ombe."

"Miaka minne naiandika hiyo barabara kwenye karatasi," Bi Ratiba alijibu huku akivuta zipu ya begi. "Acha na mimi nikayaone hayo mashimo."

"Utatapika."

"Nitafungua dirisha."

"Wiki tatu kabla ya harusi, bibi harusi anakwenda kuunguzwa na jua?"

"Nina kofia."

Rubani akakuna kidevu akisaka sababu nyingine. Mwanaume huyu alikuwa dereva na mwongoza watalii, na mdomo wake ulikuwa na mafuta kuliko injini ya gari lake. Mteja angepanda amenuna, akashuka anashika mbavu kwa kucheka. Bi Ratiba, mchumba wake, ndiye aliyekaa ofisini kwenye kompyuta akipanga safari za siku kumi kwa vikundi vya watu sita sita: siku mbili za kuzunguka mjini, mbili milimani, mbili kwa wanyama, tatu pwani, na ya kumi kurudi. Alijua kila hoteli inatoa chai saa ngapi, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuona hata mkia wa swala.

Safari hii bosi alikuwa amechoka. "Mteja anauliza dirisha la chumba namba tano linatazama wapi, unamwambia subiri nimuulize Rubani," alimfokea. "Kuna kiti kitupu. Panda gari ukaone kwa macho yako."

Amri ya bosi haina rufaa. Rubani alipoona ameshindwa, akashusha sauti.

"Basi tukiwa njiani tuwe kikazi. Sitaki wateja waseme dereva kaleta mchumba wake matembezi. Na pete uivue."

"Pete inamuuma nani?"

"Jamani mama, ni siku kumi tu."

Akaivua, akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani. Usimcheke, msomaji. Ukipenda, hata wewe utaambiwa uvue na utavua.

Safari ilianza vizuri. Mjini walizunguka makumbusho, soko la vinyago na mnara wa saa ambayo haijawahi kusema kweli. Milimani ukungu uliwafunika hadi wakashikana mikono kwenye njia ya maporomoko. Kwa wanyama, tembo alisimama katikati ya barabara nusu saa nzima, na Rubani akawaambia wateja kuwa huyo ni trafiki wa porini, anasubiri kuona leseni. Gari zima likacheka. Bi Ratiba akajiona amebahatika.

Kwenye kiti cha nyuma ya dereva alikaa mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye daftari dogo na maswali makubwa.

"Dereva," Mwalimu aliuliza siku ya sita, "hapa kwenye ratiba pameandikwa siku ya saba gari liko sevisi. Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro, Mwalimu. Likitoka porini lazima likaguliwe."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Usalama kwanza!"

Bi Ratiba akatabasamu akitazama dirishani. Mstari huo aliuandika yeye. Mwezi ule wa kwanza wa mapenzi yao, Rubani alimwomba kwa sauti ya kubembeleza, "Niwekee siku moja pwani gari lipumzike, nami nipumzike." Bosi aligoma. Bi Ratiba akapigana naye wiki mbili, karibu afukuzwe kazi, mpaka siku ikapatikana. Kwake ilikuwa kama barua ya mapenzi, na kila kikundi kilichosafiri kiliibeba bila kujua.

Jioni hiyo mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, kadi zimetoka. Mjomba wako anataka kuanza kuzigawa kesho."

"Mwambie agawe, mama."

"Na gauni?"

"Rubani ana fundi wake. Vipimo alishavipeleka. Kasema ni zawadi, nisiulize maswali."

"Gauni la harusi hujalijaribu mwilini?" Mama aliguna. "Haya. Nyie wa siku hizi mna imani."

Asubuhi ya siku ya saba, pwani, Bi Ratiba alishuka kwenda kunywa chai amevaa gauni la bluu lenye vifungo vidogo mgongoni. Rubani alimletea mwaka jana, na lilimkaa kama alizaliwa nalo. Rubani alipomwona akatia chumvi kwenye chai.

"Umevaa hilo?"

"Si uliniletea wewe? Leo mapumziko."

"Limekupendeza. Ila usitoketoke nje, jua la huku kali." Akaiacha chai yake pale pale, akaondoka na gari.

Saa nne Mwalimu akamjia ameshika kichwa.

"Binti, nimefanya ujinga. Dawa zangu za presha nimeziacha garini, mfuko wa kiti cha mbele. Tangu jana sijameza."

Bi Ratiba akampigia Rubani. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Akaenda mapokezi.

"Dada, gereji ambayo madereva wetu wanapeleka magari iko wapi?"

Mhudumu wa mapokezi akamtazama bila kuelewa. "Gereji? Hapa hakuna gereji, labda urudi mjini. Unamtafuta Rubani? Yuko kwake. Pita nyuma ya shule, nyumba ya tatu, milango ya kijani. Utasikia cherehani."

"Kwake?"

"Kwake, ndiyo. Kwa mkewe."

Mhudumu alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya soda, akarudi kwenye kitabu chake cha wageni. Bi Ratiba alisimama pale mpaka Mwalimu akaja kumshika mkono.

"Niende mwenyewe, binti?"

"Hapana, Mwalimu. Hii safari ni yangu."

Njiani alijipa kila sababu. Mhudumu kachanganya watu. Labda ni dada yake. Labda ni mpangishaji. Alipofika kwenye milango ya kijani sababu zote zilikuwa zimeisha, na cherehani ilikuwa inalia kweli.

"Hodi."

"Karibu! Pita tu, mlango haujafungwa."

Ndani alikaa mwanamke wa rika lake, tepu shingoni, pini zimechomekwa kwenye ukosi. Aliinua macho, akamtazama mgeni, kisha akalitazama gauni. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Usiniambie. Wewe ndiye Bi Ratiba!"

"Umenijuaje?"

"Si hilo gauni! Nimelishona mimi hilo, vifungo vyote kumi na vinne. Nilimwambia mume wangu, mpelekee yule dada wa ofisini aliyetupa siku yetu. Karibu, wifi yangu, karibu ukae!"

Akamkumbatia. Bi Ratiba alibaki na mikono imening'inia.

"Siku yenu?" aliuliza.

"Siku ya saba! Miaka miwili ya mwanzo ya ndoa yetu mume wangu alikuwa anapita hapa kama upepo. Analala, alfajiri hayupo. Mpaka nikawa nalia. Kisha akaja akasema, kuna dada ofisini, ni kama ndugu yangu wa damu, kapigana na bosi mpaka tumepewa siku nzima. Wifi, wewe umeiokoa ndoa hii. Nakuombea kila siku."

Kuna maneno mazuri yanayoingia mwilini kama kisu. Bi Ratiba akavuta kiti, akakaa.

"Nimekuja... kuna dawa za mteja garini."

"Gari liko uani, analiosha. Ngoja kwanza, Mungu kakuleta wakati mzuri." Fundi alienda kwenye cherehani, akainua kitambaa cheupe. Kilishuka, kikaendelea kushuka, mpaka kikawa gauni la harusi. "Nimebakiza upindo tu. Vipimo nilikuwa navyo tangu lile la bluu. Hongera, wifi! Ameniambia unaolewa na dereva mwenzake. Ni mpole? Maana madereva hawa!"

Akacheka peke yake.

Bi Ratiba alilitazama gauni. Mikono ilikuwa mirefu kama alivyotaka, kola ile ile aliyomchorea Rubani kwenye karatasi ya ofisi. Mwanaume alikuwa amechoka hata kudanganya kwa juhudi. Aliona ni rahisi mke mmoja amvalishe mwenzake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na wengine kinawashonea kabisa.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma.

*Mpenzi nimeona simu zako. Niko gereji, mikono imejaa grisi, fundi ananichelewesha. Nakupenda. Pumzika.*

Nje, uani, mtu alikuwa anamwaga maji na kupiga mluzi.

Angeweza kunyamaza. Angechukua dawa, aondoke, na mwanamke huyu aendelee kumwombea. Kwa dakika moja nzima alitaka kufanya hivyo. Lakini aliiona ile sindano imesimama kwenye upindo, inasubiri kumalizia kazi, akaona kunyamaza ni kumfanya huyu mwanamke amshonee Rubani uongo wake mpaka mwisho.

"Dada," alisema, "hii namba unaifahamu?"

Akaiweka simu mezani. Fundi aliinama akasoma. Juu ya ujumbe palikuwa na jina ambalo Bi Ratiba alilihifadhi kwa mikono yake: *Mume Wangu Mtarajiwa.* Chini yake, namba. Fundi alisoma mara ya pili, midomo ikitembea kama mtoto anayejifunza herufi. Hakupiga kelele.

"Harusi lini?"

"Wiki tatu."

"Ulijua kuhusu mimi?"

"Nimejua saa hizi, mapokezi hotelini."

Fundi akamtazama machoni muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemwamini Bi Ratiba, na kumwamini kulimuuma zaidi.

Mluzi ukakaribia. Mlango wa uani ukafunguka.

"Mke wangu, kuna chai—"

Rubani alisimama. Mikono yake ilikuwa imejaa povu la sabuni, hata tone la grisi hakuna. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akalitazama gauni. Za mwizi ni arobaini. Zake yeye zilikuwa saba.

"Mgeni amekuja kujaribu gauni," Fundi alisema taratibu. "Nimemuuliza bwana harusi ni nani, ameona aibu. Hebu nitajie wewe."

Rubani akageuka kutazama mlango aliotokea.

"Wewe si unajua kuongea? Wateja wanakusifu. Ongea."

"Nilikuwa... nilikuwa nataka kuwaambia wote wawili," Rubani alisema. "Nilikuwa natafuta wakati."

"Wakati?" Sauti ya Fundi ikapasuka sasa. "Miaka minne huyu amekupa siku nzima kila safari! Siku nzima! Ukaja ukakaa kwenye kiti hicho, ukala chakula changu, ukapeleka na vipimo! Wakati gani tena ulikuwa unatafuta?"

Machozi yalimtoka Bi Ratiba, ya hasira na ya aibu, naye hakuyafuta.

"Nilikupenda kama mjinga," alimwambia Rubani. "Niligombana na bosi. Nilivua pete. Naomba ufunguo wa gari."

"Mpenzi—"

"Ufunguo. Kuna mgonjwa anasubiri dawa."

Alipotoka na dawa alipita tena mlangoni. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani, gauni jeupe mapajani, wembe mkononi. Alikuwa anafumua mshono mmoja mmoja, taratibu, kama alivyoshona. Rubani alisimama pembeni yake, povu likimkauka mikononi.

"Nisamehe, dada," Bi Ratiba alisema.

"Kitambaa hakina kosa, wala wewe," Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Nenda, wifi." Kisha akajisahihisha. "Nenda, dada yangu."

Mwalimu alimeza dawa zake, akamtazama Bi Ratiba usoni, akafunga daftari lake bila kuuliza swali. Bi Ratiba akapiga simu nyumbani.

"Mama, kadi."

"Mjomba wako ameshaanza kugawa, mwanangu."

"Mwambie arudi nyumba kwa nyumba azichukue."

"Nikuandalie chumba chako?"

"Ndiyo, mama," alisema, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Siku ya kumi ilibidi gari lirudi, na dereva alikuwa mmoja. Bi Ratiba alikaa kiti cha mbele kama kazi ilivyotaka. Rubani alijaribu kuwachekesha wateja mara moja, hakuna aliyecheka. Walipopumzika kwenye kituo cha mafuta, akamwinamia dirishani.

"Tafadhali, tuzungumze."

"Mbele ya wateja tuwe kikazi," alimjibu, akapandisha kioo.

Jumatatu alikuwa mezani kwake, akiandaa ratiba ya kikundi kijacho. Alifika kwenye siku ya saba, vidole vikasita. Angeufuta mstari ule kwa hasira zote, lakini haikuwa siku yake peke yake. Kuna mwanamke aliisubiri mara mbili kila mwezi. Akaiacha, akaenda kuchota maji ya kunywa. Aliporudi akakuta ujumbe kutoka namba asiyoijua.

*Dada, mimi Fundi. Namba nimepewa na yule wa mapokezi. Nimemtolea mizigo yake nje. Ile siku uliyonipa nashukuru, lakini naomba uifute. Simsubiri tena mtu. Kitambaa cheupe kimetosha mapazia ya dirisha la kazini kwangu, yamependeza.*

Bi Ratiba aliusoma mara tatu. Kisha akafuta mstari ule na kuandika mwingine:

*Siku ya saba: gari halina kasoro. Safari inaendelea.*