Moshi Huu Unatoka kwa Nani?

Alfajiri, ukungu hushuka taratibu kutoka kwenye vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Masasi. Katika mtaa wa Mkomaindo hukutana na moshi wa majiko, na nyumba huonekana kana kwamba zinaelea.

Yuster, ambaye mtaa mzima humwita Mama Huruma, aliipenda sana saa hiyo. Alichota maganda makavu ya korosho, akayapanga chini ya kuni, akawasha kiberiti. Maganda yalitoa mafuta, yakashika moto mara moja. Harufu kali ilijaa jikoni. Kwake yeye hiyo ilikuwa harufu ya kijiji cha Lulindi, ya jiko la bibi yake mzaa mama. Alifumba macho. Aliona mikorosho imechanua, na bibi akimwita kutoka mbali.

Kikohozi kilimzindua. Huruma, binti yake wa miaka tisa, alikuwa ameketi mlangoni akihema. Wiki ile hakwenda shule hata siku moja. Dawa alizopewa hospitali zilimsaidia kidogo tu. Daktari alikuwa amesema, "Mama, chunguzeni hewa anayoivuta mtoto."

Yuster hakuhitaji kuchunguza. Nyuma ya uzio wake kulikuwa na gereji ya pikipiki ya Abdulrazaki. Alimwandikia mwenyekiti wa mtaa barua, akiomba gereji hiyo iondolewe.

"Mama Huruma," Abdulrazaki alimwita juu ya uzio, "mvua ikichelewa nayo utaniandikia barua?"

"Nitaandika, Baba Shamila! Na nakala nitakuletea mwenyewe."

Abdulrazaki alicheka, kisha akauliza, "Nikiondolewa hapa, wanangu wanne watakula nini?"

Yuster aligeuka kumtazama bintiye. Huruma alikuwa anakohoa tena.

Kabla ya kuitisha kikao cha mtaa kuijadili barua, mwenyekiti alimwomba mtaalamu wa hewa aje kupima. Alikuja msichana mpole aitwaye Ethel, amebeba vichupa vya chuma vinavyovuta hewa polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Moshi wenyewe ule pale, kwa Baba Shamila. Una haja gani ya vichupa?"

Ethel alitabasamu. "Petroli, kuni, plastiki, hata mafuta ya mimea, vyote vina kaboni na hidrojeni. Petroli ikiachwa wazi, hugeuka mvuke. Kitu kisipoungua vizuri, mabaki yake hupanda hewani. Mengi ya mabaki hayo, pamoja na mvuke wa petroli, huitwa hidrokaboni. Baadhi yake huumiza mapafu. Jicho huona moshi mmoja tu. Lakini kila chanzo kina mchanganyiko wake, kama kila mtu alivyo na sura yake. Maabara huzitambua sura hizo."

Aliweka kichupa kimoja gereji, kingine kando ya barabara, cha tatu jikoni. Akafungua daftari. "Mama, unapikia nini?"

"Kuni."

Ethel akaandika: kuni.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Ethel aliwaketisha majirani hao wawili upenuni kwa Yuster.

"Gereji ina mvuke wa petroli," alisema. "Baba, lile karai la petroli unalooshea vipuri hukaa wazi kutwa."

Yuster alimtazama Abdulrazaki kwa ushindi.

"Lakini mvuke huo haufiki jikoni ila kidogo sana. Jikoni kuna moshi wa kuni, na moshi mwingine mzito zaidi. Ni wa mafuta ya ganda la korosho. Unachoma maganda hayo, mama?"

"Hayo ni ya kuwashia tu! Nani huyahesabu?"

"Kila siku?"

"Asubuhi, mchana na jioni," Yuster alijibu, na sauti yake ikafifia. "Ile ni harufu ya kwetu, mwanangu."

"Ni ya kwetu pia, mama. Mimi ni wa Newala. Mama yangu naye alikuwa akiwashia hivyo hivyo. Harufu nzuri haituambii kwamba moshi ni salama."

Yuster aliinuka, akaenda kwa mwenyekiti, akaiomba barua yake.

"Nitaichana," alisema mwenyekiti.

"Usiichane. Nitaisoma mwenyewe kikaoni, halafu niseme nilipokosea."

Tangu siku hiyo aliwashia vibanzi vya kuni kavu, na jiko akalihamishia nje, mbali na mlango. Abdulrazaki akalitengenezea karai lake mfuniko wa bati. Huruma aliendelea na dawa. Mwezi haukuisha kabla hajarudi darasani.

Siku ya kikao Yuster alisimama na barua mkononi. Aliisoma yote bila kuruka neno. Kisha akasema, "Nilimshtaki jirani yangu. Kumbe moshi uliokuwa ukimwumiza mwanangu nilikuwa nauwasha kwa mkono wangu."

Kinamama walitazamana. Bibi Dorothy, mkubwa kuliko wote, aliangua kicheko. "Haya, mwenyekiti, tuandikie barua sisi sote! Ni jiko gani hapa lisilowashiwa maganda?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kabla ya kutawanyika walikubaliana: maganda yote ya mtaa yakusanywe kwenye magunia, yapelekwe kwa wanaoyakamua mafuta. Abdulrazaki akajitolea kuyabeba kwa pikipiki.

"Gunia la kwanza," alisema, "nalichukua kwa Mama Huruma."

"Njoo sasa hivi," Yuster akamjibu. "Nimeshalifunga."