Gari Lililotolewa kwa Kicheko

Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya stoo ya asali, mjini Tabora. Mlango umefungwa, joto linanuka nta. Watu watatu. Doto, mkubwa wao, aliyekuwa na mnunuzi ng'ambo ya ziwa. Festo, kazi yake kutisha watu. Na Adinani, fundi magari.

"Mnunuzi anataka gari la porini," Doto alisema. "Na litakwenda kwa magurudumu yake lenyewe. Lami hatukanyagi, ina vizuizi. Tunapita njia ya zamani ya wapagazi, msituni, mpaka ziwani. Na mvua ndiyo hizi. Fundi, chagua."

"Prado jeupe la yule muuza mbao," Festo alidakia. "Linang'aa!"

"Linang'aa mjini. Limejaa kompyuta. Waya mmoja ukilowa, unalala porini na fisi."

"Pikapu ya bwana tumbaku?"

"Ipo chini mno. Tope la kwanza tu, inakaa tumbo."

Gari la tatu Adinani alikuwa nalo ulimini, linamchoma kama pilipili.

"Sema," Doto alisema.

"Lipo moja, mkonga. Landkruza la zahanati, kule ndani ya Ipole. Dizeli ya kizamani. Tangi mbili. Bomba lake la hewa limepanda mpaka juu ya paa, hata maji yakifika boneti, linapumua. Springi za nyuma nilifunga mimi."

Moyo ulimwambia: sema gia boksi imekufa. Uongo mdogo tu, na wagonjwa wa kule wangebaki na gari lao. Lakini aliitaka gereji yake mwenyewe, yenye jina lake getini. Tamaa haina breki.

"Dereva?" Festo aliuliza. "Nimpasue?"

"Usimguse. Ni Raymundi, mtani wangu. Leo wanamzika mama yake." Akaongeza, "Ufunguo nitapewa mkononi. Mchana kweupe."

Doto alimtazama, kisha akacheka taratibu. Alikuwa ameelewa. Adinani ni Mzaramo. Babu yake aliletwa Tabora na kazi ya reli. Raymundi ni Mnyamwezi. Tangu enzi za misafara Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani akija msibani huchukua atakacho, wafiwa wakakikomboa kwa kuku au kitenge. Kukasirika ni mwiko.

Saa nane mchana.

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Wanawake wanapakua ugali. Adinani aliingia uani kajifunga kanga ya kike kiunoni, analia kwa sauti ya uongo.

"Bibi Consolatha! Umekufa makusudi ili Wanyamwezi wale nyama!"

Kicheko kikapasuka. Josepha, mke wa Raymundi, aliyekuwa hajala tangu juzi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Karudi mwizi wa pwani!" alipiga kelele. "Ficheni masufuria!"

"Masufuria yenu nitapikia nini, viazi?" Adinani akamgeukia Raymundi. "Lete ufunguo. Babu zenu walikwenda pwani kwa miguu, meno ya tembo begani. Gari mnalitakia nini?"

Raymundi alikuwa na macho mekundu ya kilio. Akatabasamu, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Adinani na kumfumba vidole kwa mikono yake miwili.

"Chukua, mtumwa wangu wee. Ukilikwaruza, nitakuoza kwa shangazi yangu Eustadia, hana jino."

Watu wakalisindikiza gari kwa vigelegele. Kwenye kioo Adinani aliwaona wanapunga mikono. Kanga ilimbana kiunoni kama kamba.

Saa tisa na nusu.

Doto na Festo walipanda nyuma ya mashamba ya tumbaku. Mkonga ukaingia msituni, ukala tope, ukavuka visiki, haukulalamika. Alikuwa amechagua vizuri. Hilo ndilo lililomuuma.

Korongoni maji yalikuwa yamejaa. Doto aliingia na fimbo kupima kina, akafika ng'ambo. Festo alibaki ukingoni, gunia begani. Adinani kwenye usukani.

Ndipo pikipiki ikasikika nyuma.

Raymundi alikuwa amepakiwa na kijana wa bodaboda, wakifuata alama za matairi topeni, jogoo mwekundu kwapani. Alishuka, anacheka.

"Mzaramo! Pwani yenu ndiyo huku porini? Shika jogoo wako, nipe gari! Kuna mzazi uchungu umemshika."

Festo alichomoa gobore kwenye gunia.

"Rudi!" Adinani alipaza sauti. "Raymundi, rudi! Si utani!"

Raymundi ndiyo kwanza akacheka zaidi. "Ehee! Na bunduki mmekuja nayo! Haya, niueni, nanyi mtalishwa msibani!" Akamnyooshea Festo jogoo.

Gobore likalia.

Jogoo akaruka. Raymundi akakaa chini, mkono tumboni, uso wake bado unacheka.

"Vuka!" Doto alifoka toka ng'ambo. "Vuka, fundi!"

Gobore hubeba risasi moja. Festo alikuwa akihangaika na baruti. Adinani akatia gia ya nyuma, akakanyaga, akimrudia Festo. Festo akarukia majini. Adinani na kijana wa bodaboda wakambeba Raymundi, wakamlaza kiti cha mbele.

"Kimbia ukamchukue yule mzazi kwa pikipiki," Adinani alimwambia kijana. "Mimi naenda hospitali ya Kitete, Tabora."

Saa kumi na moja.

Lami. Sikonge mbele, na kizuizi cha polisi. Adinani alikwenda moja kwa moja. Hakutafuta njia ya kukizunguka. Damu ilikuwa imelowesha kanga aliyomfungia Raymundi jeraha.

Raymundi akafumbua macho. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Unaendesha vibaya, mtumwa. Kama unapeleka nazi sokoni."

Zamu ilikuwa ya Adinani kujibu. Matusi mazuri yalimjaa mdomoni, ya kumchekesha mtu mpaka asahau maumivu. Akafungua kinywa. Hakuona kama ana haki ya hata neno moja.

Raymundi alisubiri. Gari likapita nguzo, likapita daraja. Polisi akasimama barabarani, mkono juu.

"Mtani?" Raymundi aliuliza.

Adinani alikanyaga breki, akitazama mbele.

Ndipo Raymundi alipojua kwamba ule haukuwa utani. Polepole, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akageuzia uso dirishani.