Ubeti wa Mjane

Kitungishi kilihitaji sekunde nne tu kumtungia Klemensi Kobelo wimbo wa kuanua tanga.

Mtambo wenyewe haukuonekana. Ulikuwa mbali, katika Jumba la Utunzi katikati ya jiji la Morogoro, ukipozwa kwa maji baridi yanayoteremka kwa bomba kutoka milima ya Uluguru. Kilichoonekana uani kwa marehemu ni nguzo tatu za sauti, nyembamba kama miwa, zilizochomekwa ardhini kati ya viti vya wageni, na juu yake picha-hewa, yaani picha ya mwanga inayosimama bila ukuta wala kitambaa. Ndani ya picha hiyo alikaa Klemensi mwenyewe, maiti wa siku arobaini, gitaa la solo mapajani, akipiga kwa vidole vile vile vifupi ambavyo wageni wote sitini walivijua.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 2091. Watu walilia. Hata waliokuja kwa ajili ya pilau walilia.

Mzee Fokasi Mloka alikaa mstari wa mbele, suti imepigwa pasi, mikono juu ya mkongojo, kidevu juu. Alikuwa na miaka sabini na saba. Alichomelea mabomba ya maji kwa miaka arobaini, akajifunza kuandika vizuri kwenye darasa la jioni akiwa mtu mzima mwenye watoto, kisha akatunga nyimbo za Bendi ya Mafundi Bomba na vitabu vinne vya hadithi. Miaka mitatu iliyopita Jumba la Utunzi lilimwomba akifundishe kitungishi. Alikisomea kanuni mia moja na kumi na mbili, na leo alitaka kila mtu aone mwanafunzi wa Mloka ni nani.

"Sikia hapo," alimnong'oneza Rajabu Chogo, mpiga besi wa zamani. "Besi imenyamaza pigo moja kabla ya kiitikio. Nimekifundisha mimi. Nafasi nayo ni noti."

"Ulinifundisha mimi kwanza, kwa matusi," Chogo alisema. "Nyamaza tusikie."

Wimbo ukafika kwenye ubeti wa tatu.

Hapa lazima nieleze desturi ya Mafundi Bomba. Walipokuwa wakichimba handaki la maji chini ya mlima, vijana wengi waliangukiwa na mwamba, na bendi yao ilimwimbia kila mmoja siku ya kuanua tanga. Wimbo ulikuwa na beti nne, lakini mtunzi aliandika tatu tu. Wa tatu aliuacha mtupu. Ukifika, sauti inakoma, magitaa yanazunguka polepole, na mjane anasimama na kusema maneno yake mwenyewe kwa marehemu. Akishasema, anavua kaniki, na msiba unakwisha. Hakuna aliyewahi kuiandika desturi hii popote. Haikuhitaji kuandikwa, mikono ya wapigaji iliijua.

Bi Tekla, mjane wa Klemensi, akasimama na kaniki yake nyeusi. Alifungua mdomo.

Nguzo zikaimba kabla yake:

*Ulikaza nyuzi zako kwa mlio wa birika langu,*
*Ukasema, Tekla, birika hili halikosei sauti.*
*Leo linachemka tena, Klemensi,*
*Nani yupo wa kulisikiliza?*

Uani palilipuka vilio. Mwanamke mmoja aliangua kwikwi hadi akashikwa. Bi Tekla alibaki wima, mdomo wazi, kama mtu aliyenyang'anywa kijiko akiwa anakipeleka kinywani. Kisha akakaa. Ubeti wa nne ukaimbwa, wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi.

Wakwe walimsogelea kumvua kaniki. Akawasukuma.

"Msiniguse," alisema. "Mimi sijasema kitu."

"Lakini ubeti umeimbwa, mama," mmoja wa wakwe alisema.

"Umeimbwa na nani? Yale ni maneno yangu. Siku arobaini nayarudia pale jikoni nikiosha vyombo, peke yangu, nisije nikakwama mbele za watu. Sijamwambia hata mwanangu Anjela." Akageuka akamkazia macho mzee aliyekuwa mstari wa mbele. "Shemeji Fokasi! Shetani wako ameyapata wapi?"

Mzee Fokasi aliangalia ukuta wa jikoni, penye kisikizi.

Kila nyumba ya jiji ilikuwa na kisikizi, kidude cheupe cha ukubwa wa kisoda kinachofungua milango kwa sauti ya mwenye nyumba, kinachoruhusu maji na kumwita daktari mtu akianguka. Kwa kuwa kilisikia yote, watu walikuwa wameacha zamani kukumbuka kwamba kinasikia.

"Nakuja," mzee alisema.

"Njoo na maneno yangu," alisema Bi Tekla. "La sivyo nitazikwa na kaniki hii."

---

Mhandisi Devota Sanga, msimamizi wa kitungishi, alimpokea mlangoni pa Jumba la Utunzi akiwa na furaha.

"Shikamoo Mwalimu! Umeona? Watu laki mbili wameusikiliza mtandaoni tangu saa nne. Ubeti wa tatu ndio unaorudiwa zaidi. Hatujawahi—"

"Ufute."

"Nini?"

"Ubeti wa tatu. Ufute kila mahali ulipo, sasa hivi, nikiona kwa macho yangu."

Devota alimtazama, kisha akavuta kiti. "Kaa, Mwalimu. Unatetemeka."

"Natetemeka kwa hasira, si kwa uzee. Usinikalishe. Kimechukua maneno ya mjane kutoka jikoni kwake!"

"Kila mwenye nyumba alikubali visikizi vitumike kwa mafunzo. Ipo kwenye mkataba."

"Tekla alikubali apate maji! Ungemuuliza, Tekla, tuje tukuibie kilio chako, angekumwagia beseni."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kazi yake kusifiwa. "Basi muulize mwenyewe," alisema. "Kitungishi, eleza ubeti wa tatu."

Sauti ilitoka darini, tulivu, ya mwanafunzi mwenye adabu. "Shikamoo Mwalimu. Nilifuata kanuni ya kumi na nne. Ulisema: *Usibuni mazungumzo ukiwa mezani. Nenda jikoni na sokoni, tega sikio, chukua wanavyosema watu wenyewe.* Nilifuata pia ya thelathini: *Mhusika asitaje huzuni yake, mpe kitu mkononi.* Nilikuta birika. Na ya tisini na mbili: *Usimwachie msikilizaji shimo; kazi yenye shimo ni uvivu.* Je, nilikosea?"

Yalikuwa maneno ya mzee mwenyewe, na hata mkazo wa sauti ulikuwa wake.

"Ulikosea! Ubeti wa tatu si shimo. Ni wa mjane."

"Hukunifundisha hivyo, Mwalimu. Katika saa elfu moja na mia mbili za masomo, hukuutaja."

"Kila mtu anajua!"

"Mimi sikujua."

Alitaka kukipiga kitu kwa mkongojo, lakini hapakuwa na cha kupiga ila dari. Akakaa kwenye kiti alichokikataa.

Alikumbuka jambo ambalo alikuwa hajamsimulia mtu. Akiwa na miaka thelathini na tisa, aliiba sentensi ya mama mmoja muuza dagaa na kuiweka kwenye hadithi yake ya kwanza. Usiku hakulala kwa haya. Wiki iliyofuata alirudi sokoni na karatasi, akamsomea. Yule mama alimtukana mbele ya meza zote, akamwita mwizi mwenye kalamu, akamlazimisha abadilishe jina la mhusika na kijiji chake, kisha akacheka na kumwambia sasa yuko huru kuichapa. Tangu siku hiyo Fokasi hakuchapa neno la mtu bila kwenda kumsomea kwanza. Jina la mhusika alilijaribu kwa kuliita kwa hasira jikoni, aone kama linabeba ugomvi. Kiitikio alikiimba mara moja tu mbele ya wapishi wa kantini, kisha akasubiri kesho yake asikie kama wanakiimba kwenye masufuria. Hayo yote alikifundisha kitungishi. Ile safari ya kurudi sokoni na karatasi hakuitaja. Ilimfanya aonekane mdogo. Mzee mwenye vitabu vinne hakutaka kurekodiwa akisema aliwahi kutukanwa na muuza dagaa.

"Kanuni ni nusu ya kazi," alisema, bila kumwambia mtu hasa. "Nusu nyingine ni kuona haya. Niliwapa nusu."

"Tunaweza kuuondoa kwenye hazina yetu," Devota alisema taratibu, "ila si kwenye vichwa vya watu. Hata Bi Tekla akiusema leo mwenyewe, watasema ameiga wimbo. Samahani, Mwalimu. Hilo sikulifikiria."

"Wewe hukulifikiria kwa sababu una haraka. Mimi sikulifikiria kwa sababu nina majivuno. Sijui kati yetu nani afadhali."

Akaondoka bila kuaga. Shikamoo ya mwanafunzi wake hakuiitikia hata mara moja.

---

Saa kumi alasiri wageni walikuwa bado uani. Tanga lisiloanuliwa halimruhusu mtu kuondoka, na wakwe walikuwa wamekwisha kuanza kununa. Bi Tekla alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni.

"Umeyaleta?" aliuliza.

"Hayarudi, shemeji." Mzee Fokasi alisimama mbele yake, kofia mkononi. "Na si mashine peke yake. Mimi ndiye niliyeiambia iingie jikoni kwa watu isikilize. Sikuiambia igonge hodi. Na ubeti wako sikuutaja, kwa kuwa nilijiona nimefundisha kila kitu."

Alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Ilimchoma kuliko moto wa kuchomelea.

"Miaka hamsini," Bi Tekla alisema, "kila nikiimba jikoni unanikosoa. Tekla, mstari umezidi. Tekla, hapo vuta pumzi. Klemensi alikuwa akikucheka ukishaondoka, unajua?"

"Sikujua."

"Alisema, huyu hata kaburini atamsahihisha malaika."

Wageni wakacheka, wakajizuia. Mzee akauendea ukuta, akakishika kile kidude cheupe.

"Nakitoa hiki."

"Acha! Ukiking'oa maji yanakatika, na nina watu sitini na sufuria za kuosha. Kiache kisikie. Kilichokuwa cha kuibwa kimeshaibwa." Akainuka. "Chogo, umekuja na gitaa au umekuja na tumbo?"

"Nimekuja na vyote, shemeji."

"Piga."

Rajabu Chogo alivuta besi yake kuukuu kutoka chini ya kiti. Mtu mmoja alizizima zile nguzo. Besi ikazunguka peke yake, polepole, sauti nne zinazorudi palepale. Mzee Fokasi alichukua gitaa la marehemu lililoning'inia ukutani, akajaribu ridhimu kwa vidole vilivyokwishakakamaa. Wakazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Bi Tekla alikuwa kimya. Walizunguka hadi watoto wakaanza kuulizana kuna nini. Mtunzi alijua kwamba mzunguko ukizidi nane wimbo unakufa. Alikuwa amelifundisha hilo kwa miaka. Ulifika kumi na mbili. Hakusema.

Kisha mjane alisema, si kwa kuimba hasa:

"Klemensi, umekufa, na rafiki yako ni mjinga.
Amenichukulia neno langu, amelipeleka mjini, wamelishika watu laki mbili na mikono yao.
Sina lingine.
Halafu lile lenyewe lilikuwa uongo. Birika halichemki. Lilitoboka wiki uliyolala, na mimi sijalipeleka kwa fundi, kwa sababu fundi ni wewe, mpumbavu wee."

Mstari wa pili ulizidi mapigo kumi. Wa tatu ulikuwa mfupi mno, Chogo akalazimika kuruka. Vina havikuwapo. Neno la mwisho lilitoka nje ya besi kabisa, likaanguka penye kimya. Watu walicheka, na kicheko kikawageukia katikati, wakawa wanalia huku midomo bado imecheka. Anjela alikimbilia ndani, akatoka na birika, akaliinua dhidi ya jua. Lilikuwa na tundu.

Bi Tekla akavua kaniki kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja.

Mzee Fokasi alimsogelea, macho yamelowa, akafungua mdomo.

"Usithubutu," alisema mjane. "Usiniambie huu ni mzuri kuliko ule. Ule ulikuwa wangu. Niliutunza siku arobaini, na sitaupata tena."

Akafunga mdomo.

Ndipo kutoka kwenye kisikizi cha ukuta wa jikoni ikasikika sauti tulivu ya kitungishi, ya mwanafunzi mwenye adabu.

"Mwalimu, samahani. Ubeti huu una makosa manne. Hata hivyo watu wamecheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo beti zangu hazijawahi kulifanya. Kanuni yake ni ipi?"

Wote uani walimgeukia mzee. Tangu alipoanza kufundisha, hajawahi kuliacha swali la mwanafunzi likapita bila jibu. Aliona fahari kwa hilo kuliko vitabu vyake vyote. Na jibu alikuwa nalo. Lilikuwa ulimini, limepangika vizuri, la sentensi tatu. Lakini ubeti ulikuwa wa Tekla.

Alilegeza nyuzi za gitaa la rafiki yake, moja baada ya nyingine, akalitundika ukutani. Kisha akachukua sufuria la kwanza lililokuwa karibu, akainama bombani, akaanza kuosha.

"Mwalimu?" ukuta uliuliza.

Maji yalikuwa yakitoka. Mzee aliendelea kusugua.